Habari za Mitambo ya Kwanza ya Chapa yenye Silinda

Katika habari hii nataka kuwaeleza jinsi mtambo wa chapa ulivyoacha kukandamiza karatasi kwa bamba, ukaanza kuibingirishia silinda, yaani gogo la chuma la mviringo. Jambo hili sikulianza kwa kupenda vitabu. Nililianza kwa sababu ya mikono iliyochafuka wino.

Muhula uliopita, siku tatu kabla ya mtihani wa majaribio, umeme ulikatika na mashine ya ofisi ikakaa kimya. Mwalimu wetu akakumbuka mashine kuukuu ya saiklostaili iliyokuwa stoo tangu kabla hatujazaliwa. Karani akapiga stensili kwa taipureta. Mimi na mwenzangu tukaipangusa mashine vumbi, tukaitia wino, tukaanza kuzungusha mkono wake. Karatasi 12 kwa wanafunzi 200 ni mizunguko 2,400. Tulipokezana tangu saa nane mchana hata saa kumi na moja jioni, na mtihani ukapatikana.

Jioni ile nilipita kwa mjomba wangu, ambaye huuza chapati kando ya barabara hapa Awindiri. Alitazama mikono yangu akacheka. "Mjomba," akaniambia, "leo nawe umekuwa mtu wa chapa." Nilijua kwamba zamani alifanya kazi ya chapa katika mji wa mbali, lakini sikuwahi kumwuliza habari zake. Basi nikamwuliza: kwa nini mashine ile ina pipa la mviringo, wala haina bamba la kushuka juu ya karatasi? Hakunijibu kwa maneno. Alitwaa donge la unga.

DONGE LA UNGA

Mjomba aliliweka donge juu ya kibao, akalikandamiza kwa kiganja kwa nguvu zake zote. Likabonyea kidogo tu, tena katikati pakawa pembamba na kando pakabaki panene. Kisha akachukua mti wa kusukumia chapati, akaubingirisha pasipo haraka. Mara donge likawa chapati, unene wake sawasawa kila mahali.

Sababu yake twaijua katika somo la fizikia. Nguvu ikitandazwa juu ya eneo kubwa, kila sehemu hupata kidogo. Ikikusanywa juu ya eneo dogo, sehemu ile hupata nyingi. Tuseme ukurasa una urefu wa sentimita 30 na upana wa sentimita 40. Eneo lake ni sentimita za mraba 1,200. Bamba bapa hukandamiza eneo lote hilo kwa mara moja. Lakini silinda hugusa karatasi kwa ukanda mwembamba tu. Tuseme ukanda huo una upana wa sentimita 1: eneo lake ni sentimita za mraba 40. Basi ili kupata mkandamizo uleule, silinda yahitaji sehemu moja tu katika thelathini ya nguvu ya bamba. Kisha ukanda huo husogea mpaka ukurasa wote umepitiwa.

Hiyo ndiyo faida ya kwanza ya silinda. Faida ya pili ni kwamba kitu cha mviringo chaweza kuzunguka bila kusimama, hali bamba ni lazima lishuke, lisimame, lipande tena. Kila linaposimama, muda umepotea. Nawaomba mkumbuke neno hili la muda uliopotea, maana habari yote iliyobaki yategemea hilo.

MTAMBO WA MKONO

Kwa zaidi ya miaka 350, tangu siku za Gutenberg huko Ujerumani, karne ya 15, mtambo wa chapa ulikuwa wa mkono. Herufi za risasi zilipangwa moja moja, zikafungwa katika fremu na kulazwa juu ya kitanda cha mtambo. Mtu mmoja alizipaka wino. Mwenziwe alitandika karatasi, akaingiza kitanda chini ya bamba, akavuta wenzo, bamba likakandamiza. Kisha akatoa kitanda, akabandua karatasi, kazi ikaanza upya. Mafundi wawili wenye bidii waliweza kutoa karatasi kama 250 kwa saa, tena upande mmoja tu.

Mitambo ya namna hii ndiyo iliyotangulia kufika kwetu Afrika Mashariki. Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer, aliijua kazi ya chapa, akawafundisha vijana waliokombolewa utumwani. Alexander Mackay, fundi Mskoti aliyefika Buganda mwaka 1878, alichonga herufi za mbao za kufundishia watu kusoma, akapiga chapa karatasi za masomo ya Kiganda kwa mtambo mdogo wa mkono. Baadaye huko Tanga, wanafunzi wa shule ya serikali walifundishwa kazi hiyo, na gazeti la Kiswahili lililoitwa Kiongozi likachapwa shuleni kwao tangu mwaka 1904 hata 1916. Kwa hiyo wanafunzi kuchafuka wino si jambo geni.

KOENIG NA BAUER

Wa kwanza kuandika wazo la mtambo wa silinda alikuwa Mwingereza William Nicholson. Mwaka 1790 alipata hataza ya serikali kwa michoro ya mtambo wenye silinda za kukandamiza na za kupaka wino. Lakini yalibaki michoro. Mtambo wenyewe hakuutengeneza.

Aliyetimiza kazi alikuwa Mjerumani, Friedrich Koenig, aliyezaliwa Eisleben mwaka 1774. Yeye alijifunza chapa kwa mikono yake katika mji wa Leipzig, akaona jinsi fundi anavyochoka kwa kuvuta wenzo kutwa. Alijaribu kutengeneza mtambo bora kwao, akakosa msaada, akaenda London mwaka 1806. Huko mwenye chapa mmoja, Thomas Bensley, alimpa fedha, na fundi wa mashine kutoka nchi yao, Andreas Bauer, akawa mwenziwe.

Koenig hakuanza kwa silinda. Alichukua mtambo wa bamba kama ule wa zamani, akauunganisha na injini ya mvuke. Mwezi wa Aprili 1811 mtambo huo ulipiga chapa sehemu ya kitabu. Lakini faida haikuwa kubwa. Bamba lilikuwa bado likishuka na kupanda, hata kama aliyelivuta sasa ni mvuke. Ni kama kumfunga mtu mwenye miguu mizito gari la farasi watatu: vishindo vitazidi, mwendo hautazidi sana.

Ndipo Koenig na Bauer wakaliacha bamba, wakaweka silinda. Mtambo wao wa silinda ulikuwa tayari mwisho wa mwaka 1812. Herufi zilibaki zimelala juu ya kitanda. Kitanda kilikwenda mbele na kurudi nyuma, kikapita chini ya rola za wino, kisha chini ya silinda iliyobeba karatasi. Mtambo huo ulitoa karatasi kama 800 kwa saa. Mtu hakuvuta tena wenzo. Kazi yake ilikuwa kuutia mtambo karatasi na kuzipokea.

ASUBUHI YA TAREHE 29 NOVEMBA 1814

Kati ya waliokuja kuutazama mtambo huo alikuwamo John Walter, mwenye gazeti la The Times la London. Akaagiza mitambo miwili, kila mmoja wenye silinda mbili, ili kitanda kikienda kichape, na kikirudi kichape tena. Kila mtambo ulitoa karatasi 1,100 kwa saa.

Hebu tufanye hesabu. Gazeti la nakala 4,000, kwa mtambo wa mkono wa 250 kwa saa, upande mmoja wake huchukua saa 16. Kwa mtambo wa Koenig huchukua saa 3 na dakika 38 hivi. Gazeti ni habari, na habari ikichelewa ni kama maziwa yaliyolala. Ndiyo maana Walter alikubali gharama.

Lakini mafundi wa mitambo ya mkono waliogopa kukosa kazi, na Walter alijua hivyo. Mitambo ikajengwa kwa siri katika nyumba nyingine jirani. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Novemba 1814, mafundi waliambiwa wangoje, ati habari muhimu zatazamiwa kutoka ng'ambo. Wakangoja. Kama saa kumi na mbili asubuhi Walter akaingia na magazeti mkononi, akawaambia kwamba The Times limekwisha kuchapwa, kwa mvuke. Aliongeza maneno mawili. La kwanza: wakileta fujo, watu wa kuwazuia wako tayari. La pili: wakitulia, mishahara yao itaendelea mpaka wapate kazi nyingine ya namna ile.

Niliposoma habari hii nilikwenda tena kwa mjomba, nikamsimulia. Alikuwa akisukuma chapati, akaacha. Akaniambia kwamba yeye alitia karatasi katika mtambo wa silinda kwa miaka mingi. Kidole chake cha shahada hakina ncha kwa sababu ya mtambo huo. Jumatatu moja alifika kazini akakuta mashine mpya imefungwa, na jina lake halimo katika orodha. Hakuna aliyemwambia neno, si siku ile wala kabla yake.

"Huyo Walter wako alikuwa mjanja," akasema, "lakini angalau alisema."

Mimi ni katika wanaosoma kwa fedha ya chapati zile. Kwa hiyo habari ya mwaka 1814 haikuwa tena kwangu habari ya Wazungu wa kale.

KUUTAFUTA MUDA ULIOPOTEA

Sasa tutazame jinsi mtambo ulivyoendelea. Mtaona kwamba kila fundi alijiuliza swali lilelile: muda wapotea wapi?

Kwanza, ulipotea katika wino. Rola za Koenig zilivikwa ngozi, na ngozi ina mshono, na mshono hauenezi wino sawasawa. Miaka hiyohiyo mafundi wengine waligundua kwamba gundi ikiyeyushwa pamoja na molasi na kumiminwa katika kalibu, hutoa rola laini, yenye kunyumbuka na isiyo na mshono.

Pili, ulipotea katika kuiongoza karatasi. Hapo kwanza karatasi ilishikwa na kamba zilizozunguka pamoja na silinda, nayo mara nyingine ilipinda. Katika miaka ya 1820 David Napier, Mskoti aliyefanya kazi London, alitumia vidole vya chuma vinavyofunguka na kujifunga vyenyewe. Hukamata ukingo wa karatasi, huizungusha, kisha huiachilia.

Tatu, ulipotea kwa sababu silinda zilikuwa chache. Kabla ya mwaka 1830, Augustus Applegath na Edward Cowper waliliundia The Times mtambo wenye silinda nne juu ya kitanda kimoja. Huo ulitoa zaidi ya karatasi 4,000 kwa saa.

Nne, nao ndio ugumu mkubwa, muda ulipotea katika kitanda chenyewe. Kitanda chenye mzigo mzito wa risasi hukimbia mbele, husimama, hurudi, husimama tena. Mtu anayebeba maji toka kisimani ajua kwamba kusimama na kuanza tena huchosha kuliko kwenda. Dawa ilikuwa moja tu: herufi nazo ziwekwe juu ya silinda, zizunguke. Lakini herufi zilizofungwa juu ya kitu cha mviringo hutaka kuruka. Richard March Hoe wa New York alipata hataza ya mtambo huo mwaka 1847. Kati ya safu za maandishi aliweka vipande vya chuma vyembamba chini na vinene juu, kama kabari, vikazibana herufi zisitoke. Sasa kila kitu kikawa kinazunguka, herufi, wino na karatasi, na mtambo wenye silinda nne za kukandamiza ukatoa karatasi 8,000 kwa saa.

Katika miaka ya 1850 mafundi waliacha kuzungusha herufi zenyewe. Karatasi nene yenye unyevu ilikandamizwa juu ya herufi ikashika umbo lake, ikakaushwa, ikapindwa, kisha risasi iliyoyeyuka ikamiminwa juu yake. Likapatikana bamba zima lililopinda, la kufungwa juu ya silinda.

Tano, muda ulipotea katika kutia karatasi moja moja kwa mkono. William Bullock wa Marekani alitumia karatasi ndefu iliyoviringwa kama mkeka. Katika mwaka 1865 mtambo wake ulivuta karatasi wenyewe, ukachapa pande zote mbili, ukakata. Hapo mtia karatasi hakuhitajiwa tena.

Lakini mwaka 1867, Bullock alipokuwa akirekebisha mtambo wake mmoja mjini Philadelphia, alijaribu kuusukuma mkanda kwa mguu ili ukae juu ya gurudumu lake. Mguu ukanaswa ukasagika. Jeraha likaoza, naye akafa alipokuwa akikatwa mguu. Nalitaja hili si kwa kuwatisha, bali kwa sababu mashine haimjui mwenyewe. Kila atakayefanya kazi penye vitu vinavyozunguka na ashike kanuni hii: simamisha kwanza, ndipo uguse.

KWA NINI SILINDA ILICHELEWA KWETU

Labda mtu atauliza: ikiwa silinda ilikuwako London mwaka 1812, kwa nini Mackay alitumia mtambo wa mkono zaidi ya miaka 60 baadaye? Jibu ni kwamba mtambo wa haraka hufuata wasomaji wengi. Mtambo wa silinda ni mzito. Wahitaji injini, na fundi wa kuutengeneza uharibikapo. Mackay alikuwa na safari ndefu kutoka pwani, mizigo ikichukuliwa vichwani, na wanafunzi wachache. Mtambo mdogo ulimtosha. Siku zile kasi isingemletea wasomaji. Ilimbidi kwanza awafundishe watu kusoma.

Lakini silinda ilikuja nayo, na mojawapo ya njia zake ilikuwa ndogo: saiklostaili. David Gestetner, mzaliwa wa Hungaria aliyefanya kazi London, ndiye aliyeieneza tangu miaka ya 1880. Hiyo haina herufi za risasi. Wino hupenya matundu ya stensili iliyovikwa juu ya silinda. Haihitaji injini, mkono wa mwanafunzi watosha, kama tulivyoona wenyewe siku ile ya giza.

Na magazeti ya Kampala, yanayosafiri yapata kilomita 500 kutufikia Arua, nayo hutoka katika silinda. Siku hizi silinda moja hubeba bamba jembamba lenye picha ya ukurasa, ya pili imevikwa mpira na hupokea wino kutoka kwa ile ya kwanza, ya tatu huikandamiza karatasi juu ya mpira. Jina limebadilika na herufi za risasi hazimo, lakini mti wa chapati ni uleule.

MAMBO YA KUJIFUNZA

Kwa fikira zangu, mambo mawili yatufaa sisi wanafunzi.

La kwanza, Koenig hakuwa mtu wa kutazama kazi kwa mbali. Alikuwa amevuta wenzo yeye mwenyewe, akajua hasa mahali panapouma. Wengi wetu twadhani mwenye kushika kazi ya mikono hana nafasi ya kufikiri. Mwalimu akikupa kazi ya kuzungusha mashine, izungushe, lakini uliza pia kwa nini inazunguka. Mjomba alitia karatasi miaka mingi, naye aniambia kwamba jambo analojutia ni hili: kila fundi alipofungua mtambo kuutengeneza, yeye alikwenda kupumzika badala ya kusimama karibu atazame. Amenisihi nisifanye hivyo. Nikimaliza kidato cha sita, nataraji kutafuta nafasi ya kujifunza ufundi wa mashine.

La pili, kasi ni kitu chema. Bila ya mitambo hii, kitabu kingebaki mali ya wachache, wala mimi nisingekuwa na cha kusoma. Lakini mafundi walipokuwa wakiuliza muda wapotea wapi, mara nyingi jibu lilikuwa ni mtu fulani aliyesimama penye mtambo. Anayeleta mashine mpya hana budi kumhesabu na mtu huyo: amwambie mapema, amfundishe kazi nyingine, amlipe mpaka aipate. Katika wanafunzi wa shule hii watatoka wenye maduka, wakuu wa ofisi na wenye mitambo. Nawaomba wakumbuke kwamba hata John Walter, aliyekuwa na watu wa kuzuia fujo mlangoni, aliona ni wajibu wake kuingia chumbani na kusema.

Mashine ya saiklostaili ingali stoo, nimeipaka mafuta na kuifunika gunia. Anayetaka kuiona silinda yake kwa macho na aje tuifungue pamoja siku ya Jumamosi baada ya usafi. Aje na shati la zamani.